Kupanda Farasi: Mwalimu Mwenye Vyeti Vingi Anaweza Asiwe Wako

Siku hizi ukipita Instagram hukosi kumwona mtu kakaa juu ya farasi, gauni linaning'inia mpaka chini, picha za bethidei hizo. Kijana aliyeshika kamba amekatwa kwenye picha, mwenye bethidei anatabasamu, dakika kumi zimeisha, anashushwa. Hakuna ubaya. Ila wapo ambao wakishashushwa wanabaki na hamu ya kujifunza kweli, na hapo ndipo shughuli inapoanza. Farasi wa kukodi anapatikana, viatu vinanunuliwa. Kumpata mwalimu anayekufaa ndiyo kazi.

Yupo mama mmoja wa miaka 38, mhasibu, alihamishiwa Arusha akitokea Dar. Miaka miwili nyuma alipata ajali ya bodaboda akavunjika mkono. Mkono ulipona, woga ukabaki. Akipanda gari la mtu anakanyaga breki ambayo haipo, yeye abiria. Ngazi anashuka ameshika ukuta. Shoga yake ndiye aliyemwambia kwamba nje kidogo ya mji kuna watu wanafundisha kupanda farasi, akajaribu, huenda mwili ukarudi kujiamini. Mume alicheka. "Bodaboda ilikushinda, leo utaweza mnyama wa kilo 500?" Mama akaenda hivyo hivyo.

Mwalimu wa kwanza alikuwa mzee wa Kizungu aliyewahi kushindana kuruka viunzi. Vyeti ukutani, vikombe kabatini, na kazi yake anaijua, hilo halina ubishi. Njia yake ya kufundisha ilikuwa amri. Anasimama katikati ya uwanja, anapaza sauti: visigino chini! Mgongo! Angalia mbele! Mikono! Kabla mama hajamaliza kupanga mgongo, amri ya mikono imeshafika. Kabla hajapata mikono, anaulizwa kwa nini visigino vimepanda tena.

Sasa hapa lazima kumwelewa farasi kidogo. Farasi ni mnyama aliyeumbwa kumkimbia adui. Macho yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na pale mbele karibu sana na pua. Ngozi yake inasikia hata nzi akitua. Mtu mwenye woga akikaa juu yake anabana mapaja, magoti yanapanda, anainama mbele, halafu anavuta hatamu asije akadondoka. Kwa farasi, miguu inayobana maana yake nenda, hatamu zinazovutwa maana yake simama. Yaani ni dereva aliyekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Farasi anachanganyikiwa, anarusha kichwa, anaongeza mwendo. Aliye juu anazidi kubana. Mwalimu anazidi kupaza sauti.

Somo la nne mama alidondoka. Hakuvunjika popote, helmeti ilifanya kazi yake, lakini alikaa kwenye vumbi analia, na haikuwa kwa maumivu. Alikuwa ameshaamua kichwani kwamba mume alisema kweli.

Aliyemzuia asiache ni saisi, kijana anayewasafisha na kuwatandika farasi pale. Wakati anamsaidia kujipangusa alimwambia taratibu, "Dada, wewe farasi humwogopi. Asubuhi ukimpiga brashi mnaelewana vizuri tu. Ukimsikia mwalimu ndo unakakamaa."

Kabla mzee hajapigwa mawe, kuna upande wa pili. Uwanja ule ule, sauti ile ile, alikuwepo kijana wa chuo ambaye yeye alinawiri. Amekulia kwenye timu za mpira, kocha kumfokea kwake ni jambo la kawaida. Anataka amri fupi, anataka mashindano, na mwalimu akinyamaza anahisi amepuuzwa. Miezi michache tu alikuwa anaruka viunzi vidogo, akishuka anacheka na mzee kama babu na mjukuu. Kwa hiyo mzee hakuwa mwalimu mbaya. Alikuwa mwalimu wa yule kijana.

Mama alienda kumuaga kwa heshima, na mzee akampa mkono akamwambia afadhali ahame kuliko kuacha.

Mwalimu wa pili alikuwa dada kijana, mcheshi, kila kitu kwake "safi sana mpenzi". Hakuna kelele. Wanatoka kutembea porini, farasi nyuma ya farasi, picha nyingi, upepo wa Meru usoni. Miezi miwili mama alikuwa na furaha kweli kweli, na hilo nalo lilikuwa na thamani yake, maana alikuwa hajafurahi juu ya kitu kinachotembea tangu ile ajali.

Siku moja mwalimu alisimama mbele kuongea na simu. Farasi wa mama naye akasimama. Mama akajaribu kumkatisha kulia, farasi wala hakujisumbua. Akampiga miguu, akavuta hatamu, farasi akainamisha kichwa kula majani. Ndipo mama akang'amua kwamba miezi miwili hajawahi kumwongoza yule mnyama hata mara moja. Farasi alikuwa anamfuata mwenzake, basi. Yeye alikuwa abiria kama kawaida yake. Alipouliza afanyeje farasi akate kona peke yake, akajibiwa, "Usijali mpenzi, hiyo itakuja yenyewe."

Haikuja yenyewe.

Mwalimu wa tatu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa huko huko, maneno machache. Siku ya kwanza hakumpandisha. Alimkalisha kwenye benchi akamuuliza: umewahi kuumia wapi, unaogopa nini hasa, unataka mashindano au matembezi, na kazini kwako mtu akitaka kukuelekeza kitu kipya unapenda akuoneshe, akueleze, au akuache ujaribu? Mama akajibu kwamba yeye mtu wa hesabu, asipojua sababu hakikai kichwani.

Somo lililofuata alipandishwa bila hatamu. Farasi kafungwa kamba ndefu, mwalimu kasimama katikati ameshika ncha, farasi anazunguka. Mwendo ni juu ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi ni kukaa tu na kuusikiliza mgongo wa farasi. Si ujanja mpya huo. Kwenye Spanish Riding School ya Vienna, Austria, wanafunzi hufundishwa kwa kamba miezi mingi, bila hatamu wala vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, kabla ya kuachiwa farasi wenyewe.

Mwalimu alikuwa anatoa jambo moja, halafu ananyamaza mzunguko mzima. Farasi akianza ule mwendo wa kudundadunda, mama anaambiwa ahesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili. Kisa? Mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi, na asiyezuia pumzi hakakamai sana. Alipouliza kwa nini visigino viwe chini, alipewa sababu: kisigino kikishuka, kifundo cha mguu kinakuwa kama springi, kinameza ule mdundo, na paja linarefuka badala ya kubana. Wiki tatu baadaye visigino vilikuwa chini bila mtu kuvitaja.

Halafu akafundishwa kitu ambacho ndicho kinachoeleza habari yote hii. Farasi anajifunza pale unapoachia. Unamgusa kwa mguu, akienda, mguu unatulia hapo hapo. Kule kutulia ndiko kunakomwambia kwamba amejibu sawa. Ukiendelea kumbana hata baada ya kutii, anaona kutii na kutotii ni yale yale, mwishowe anakuwa sugu au anakuwa mwoga. Na usipomwomba chochote siku nzima ukawa unampapasa shingo tu, hajifunzi kitu, kupapaswa hakumwambii lolote.

Mama alirudi nyumbani akiwaza walimu wake. Wa kwanza hakuwahi kuachia, amri juu ya amri, hata alipofanya sawa hakujua kama amefanya sawa. Wa pili hakuwahi kuomba, sifa zilimwagika mpaka zikakosa uzito. Wa tatu aliomba kitu kimoja, akasubiri, akaachia. Kumbe njia ya kumfundisha mtu juu ya farasi haiko mbali na njia ya kumfundisha farasi mwenyewe. Hata Xenophon, Mgriki aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alionya kwamba farasi hashughulikiwi kwa hasira.

Na kuachia hakufanani kwa watu wote. Kwa yule kijana wa chuo, "poa, rudia!" ya mzee ilikuwa nafuu tosha. Mama alihitaji ukimya.

Mwezi wa sita, mama akiwa peke yake uwanjani na hatamu mkononi, upepo ulipeperusha turubai juu ya banda. Farasi aliruka pembeni. Mama alishtuka kama mtu yeyote, lakini badala ya kubana alitoa pumzi, akakaa chini kwenye tandiko, mikono ikatulia. Farasi akapiga hatua tatu, akasimama, akapuliza pua. Mwalimu hakupiga makofi. Alisema tu, "Haya, endelea."

Woga haujaisha, hapana. Ila wiki hiyo wakiwa kwenye gari njia ya Moshi, mume ndiye aliyeona kwamba mguu wa mke wake umetulia. Hakuuliza kitu. Jumamosi iliyofuata alimpeleka mwenyewe kwenye somo, akakaa kwenye benchi, akaangalia.

Sasa wewe mdau unayetaka kuanza, kabla hujatoa hela fanya haya.

Nenda kaangalie somo la mtu mwingine, nusu saa inatosha. Sikiliza mwalimu anatoa maagizo mangapi kwa dakika moja, na mwanafunzi anapewa nafasi ya kuyatekeleza au la. Akikosea, anaelezwa au anarudiwa kwa sauti kubwa zaidi?

Angalia farasi. Mgongo una vidonda? Mbavu zinahesabika? Mwalimu akisogea, farasi anasogeza pua au analaza masikio nyuma? Msikilize pia anavyoongea na masaisi wake. Anayewadharau hao, siku ukichelewa kuelewa utaonja.

Angalia usalama. Helmeti inayokukaa vizuri, mkanda wa tandiko unakaguliwa kabla hujapanda, na uzito wako unaulizwa bila aibu. Mabanda mengi hutumia kipimo cha asilimia 20: farasi wa kilo 450 asibebe zaidi ya kilo 90, mtu na tandiko pamoja. Wasipouliza, hawamhurumii farasi wala wewe.

Uliza cheti. Kama ana cha British Horse Society au kinachofanana nacho, ujue amepimwa. Lakini cheti hakikwambii kama sauti yake itaingia kichwani mwako. Uliza pia mtindo. Kenya na Tanzania uliozoeleka ni wa Kiingereza, tandiko dogo, hatamu mikono miwili. Ukiwa unaota tandiko kubwa la kikauboi na hatamu mkono mmoja, sema mapema.

Mwisho, lipa somo moja moja kwanza, usikimbilie kulipia mwezi mzima. Baada ya somo la tatu jiulize: kuna kitu naweza kukifanya leo ambacho wiki iliyopita sikukiweza, na najua kwa nini nimekiweza? Kama jibu ni hapana, aga kwa heshima, tafuta mwingine. Farasi wapo.

Haya, na wewe, kwenye gari, kuogelea, hesabu, chochote kile, ni mwalimu yupi alikufanya ukakamae, na yupi alikufanya upumue?