Kiima Kilichofichika: Sentensi Sahili ya Kiingereza

Sisi tusahihishao madaftari ya Kiingereza katika shule za msingi twaijua vyema sentensi hii: "Is reading." Kalamu nyekundu huipitia, mtoto hurudishiwa daftari, na kesho huandika vile vile. Wako wasemao ni uvivu. Hatukubaliani nao. Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, watoto wengi hukisikia Kiingereza katika kipindi chake tu. Na anayepewa alama nyekundu bila kuelezwa sababu huacha upesi kuinua mkono.

Mtoto huyo hakusahau kitu. Kwa Kiswahili, "anasoma" ni neno moja, nalo ni sentensi kamili: a- ni mtendaji, -na- ni wakati, -soma ni tendo. Kitenzi cha Kiingereza hakina nafasi hiyo ya mtendaji ndani yake, kwa hiyo mtendaji hana budi kusimama nje, mbele ya kitenzi, akiwa neno la peke yake. Waitaliano na Wahispania, ambao vitenzi vyao hubeba nafsi kama vyetu, nao hujikwaa papo hapo.

Ushahidi ulio bora ni wa mvua. Sisi twasema mvua inanyesha, na mvua ndiyo kiima. Mwingereza husema "It is raining." Hiyo "it" haitaji kitu chochote! Imewekwa pale kwa kuwa kiti cha kiima hakiachwi kitupu, isipokuwa katika amri kama "Sit down."

Kosa la pili ni pacha wa la kwanza: "Juma he is reading." Hapa mtoto amemtafsiri Juma, akaitafsiri na a- pia. Mwalimu asahihishaye makosa haya mbali mbali hujichosha bure. Afadhali aandike ubaoni "Juma anasoma", aizungushie a- duara, kisha aweke kiti kimoja mbele ya darasa na kuwaita watoto wawili, mmoja awe "Juma", wa pili "he". Akikaa mmoja, mwenziwe husimama. Watacheka, na watakumbuka. (Tofauti ya "he" na "she" ingoje siku nyingine, maana a- yetu haibagui mume na mke.)

Zoezi hili litangulie majedwali ya nyakati, ambayo wengi wetu hupenda kuyakimbilia. "Was reading" na "will read" nazo zahitaji mtu wa kukalia kiti kile kile.