Kutoka Mrijani hadi Guniani

Zamani busaa haikuchujwa na mpishi. Kwetu Bungoma, nilipokuwa mdogo, kuchuja ilikuwa kazi ya mnywaji mwenyewe. Wazee waliketi kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, lusekhe, na kwenye ncha ya mrija palikuwa na kichujio kidogo kilichosukwa kikabana sawasawa, punje ya wimbi isipenye. Pombe ndani ya chungu ilikuwa vile vile ilivyotoka kuchacha, machicha na yote. Ikipungua, iliongezwa maji ya moto na mazungumzo yakaendelea. Sisi watoto ndio tuliotumwa jikoni kuleta hayo maji, na kila tulipoyamimina tulichungulia. Tuliona maganda ya wimbi, tuliona vibonge vya mahindi vilivyokaangwa, tuliona povu la rangi ya udongo. Hapakuwa na haja ya kuuliza kilichotiwa humo.

Aliyekuwa akipika ni kukhu, nyanya yangu mzaa baba. Aliukanda unga wa mahindi kwa maji ukawa donge gumu, akaufunika kwa majani ya mgomba na kuuacha siku kadhaa hadi harufu ya ukali isikike mlangoni. Hapo tena ndipo kazi ilipoanza. Bati pana liliinuliwa juu ya mafiga, kuni zikachochewa, na ule unga uliochacha ukamwagwa juu yake na kugeuzwa kwa koleo mpaka ukawa vibonge vya kahawia vyenye harufu ya mkate. Moshi ule ulimtoa machozi kila mara, lakini hakukubali bati liepuliwe kabla ya wakati. Kibonge alikivunja katikati na kukitazama ndani. Kikiwa bado cheupe, kilirudi motoni.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini. Wanga mbichi haukatwi vizuri na kimea. Unabaki vumbi laini ndani ya maji, na vumbi hilo hupita kwenye kichujio chochote utakachoshika. Wanga uliopikwa ndio kimea cha wimbi huweza kuugeuza kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chachu huila ikatoa kileo. Kinachosalia ni maganda na makapi, vitu vikubwa vinavyokamatika. Kwa hiyo busaa safi huanzia pale kwenye bati, siku nyingi kabla ya mtu kushika gunia. Kukhu hakusoma hata darasa moja, na hilo alilijua kuliko wengi niliowaona baadaye.

Vile vibonge vilianikwa juani, kisha vikaingia kwenye pipa la maji pamoja na unga wa kimea. Siku ya pili machicha yote yalikuwa yamepanda juu yakafanya tabaka nene lililopasukapasuka kwa mapovu. Yaliposhuka yenyewe na sauti ya mchemko ikatulia, busaa ilikuwa tayari, na haikungoja. Inaendelea kuchachuka saa baada ya saa, na baada ya siku moja au mbili huwa kali mno, hainyweki.

Mabadiliko yaliletwa na fedha na polisi. Webuye kulikuwa na kiwanda cha karatasi, na mfanyakazi aliyetoka zamu hakuwa na saa tatu za kuketi kwenye chungu. Alitaka kikombe, anywe, alipe, aende nyumbani. Kisha kulikuwa na misako. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kukeneka, ilipitishwa mwaka 1980, na ingawa busaa si chang'aa, waliokuja usiku na marungu hawakutofautisha. Chungu na mirija havifichiki. Pombe iliyokwisha kuchujwa ikatiwa kwenye jerikani inaweza kulala kwenye shamba la miwa hadi asubuhi. Hivyo kichujio kikahama kutoka kwenye midomo ya wazee kikaenda mikononi mwa muuzaji.

Mama yangu alishika kazi hiyo wakati huo. Kwanza alitumia gunia la katani, na gunia la katani linahitaji subira. Alilining'iniza kwenye tawi la mparachichi juu ya sufuria, akaliacha lidondoke lenyewe. Busaa ya kwanza iliyotoka hivyo ilikuwa nyepesi na tamu, na hiyo aliitenga. Kisha mikono ikaingia. Wawili walilishika gunia huku na huku, wakalisokota, na maji yakatoka mazito, ya rangi ya maziwa yenye chai. Ukisokota sana unasukuma hata mashapo yapite, na mnywaji atayaona chini ya kikombe. Mama alijua pa kuachia. Machicha yalikwenda kwa nguruwe na kuku.

Yalipokuja magunia ya nailoni, ya sukari na ya mbolea, kazi ilikuwa rahisi, nami nachukia urahisi ule. Nimeona kwa macho yangu busaa ikikamuliwa ndani ya gunia la mbolea lililosuuzwa kwa maji ya mto tu, ikauzwa mchana huo huo. Wateja nao walianza kutaka pombe nyeupe zaidi, isiyo na kitu chini ya kikombe. Wauzaji wakaongeza kitambaa cha shashi, wakailaza usiku mzima ili mashapo yatulie, wakamimina ya juu. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kwamba pombe ikishachujwa mara mbili, mnywaji hawezi tena kujua kama ilipikwa kwa kimea au kwa sukari na hamira ya dukani, wala mahindi yalikuwa ya namna gani.

Na mahindi ndiyo yanayonitia hofu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, sumukuvu iliyotokana na mahindi yaliyoota ukungu iliua watu 125. Kuhusu mahindi yaliyoharibika mara nyingi husemwa, haya ya pombe. Kuchacha hakuiondoi sumu ile yote, bati haliimalizi, na gunia haliwezi kuizuia yote. Sehemu yake huingia kikombeni na sehemu hubaki kwenye machicha, ambayo ng'ombe wa maziwa atalishwa, na kutoka hapo inaingia kwenye maziwa ya mtoto. Kukhu alichambua mahindi yake punje kwa punje kabla ya kuyapeleka kwenye mashine ya posho, na hata yale ya pombe hayakusamehewa.

Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliifuta ile ya 1980, ikataka pombe ipikwe kwa leseni na kwa viwango. Wanawake wengi ninaowajua bado wanapika bila leseni, kwa sababu gharama ni kubwa kuliko pipa lenyewe. Lakini vyungu havijaisha. Agosti ya mwaka shufwa, msimu wa tohara, wazee wetu wa Kibukusu bado huwekewa pombe isiyochujwa, ingawa mirija mingi siku hizi ni ya plastiki.

Ninaponunua busaa ya sherehe au ya matanga, naomba kwanza nionyeshwe machicha. Muuzaji mzuri haoni haya, anafungua gunia. Machicha ya kimea halisi yamejaa maganda mekundu ya wimbi na vibonge vya kahawia vilivyolainika, na ukiyafinya yanaachana. Yale ya sukari na hamira ni unga mweupe mtupu unaonata vidoleni, nami hapo huondoka bila kununua.