Ukurasa Nilioukunja

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa methali hiyo nilifungua hotuba yangu muhula uliopita, Chama chetu cha Kiswahili kilipoandaa mdahalo kati yetu wa kidato cha tatu na wale wa kidato cha nne. Hoja ilikuwa: Kamati za Tuzo ya Nobel huionea Uchina. Nami, mpenzi msomaji, ndimi niliyekuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono.

Silaha nilikuwa nazo. Mwaka wa 1989, miezi michache baada ya waandamanaji kuuawa jijini Beijing, Tuzo ya Amani alipewa Dalai Lama wa Tibet, aliyekuwa amekimbilia India tangu 1959. Mwaka wa 2000, ile ya Fasihi ilimwendea Gao Xingjian, mzaliwa wa Uchina aliyekuwa raia wa Ufaransa na ambaye vitabu vyake vilipigwa marufuku kwao. Mwaka wa 2010 ikawa zamu ya Liu Xiaobo, mwandishi aliyekuwa akitumikia kifungo cha miaka 11. Hakuruhusiwa kwenda Oslo, wala mkewe. Cheti na nishani viliwekwa juu ya kiti kitupu.

"Waheshimiwa," nikanguruma, "ina maana Mchina asipogombana na serikali yake hafai kutuzwa?"

Wee! Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha pili akainuka polepole. "Nauliza tu. Kwani hakuna Mchina anayeishi kwao aliyewahi kupewa?"

Moyo ulinipiga paa! Jibu nilikuwa nalo daftarini, katika ukurasa nilioukunja makusudi. Nikatabasamu, nikasema, "Swali la dada ni tamu, ila liko nje ya hoja." Watu wakaangua kicheko. Akaketi ameinamisha kichwa. Tukashinda.

Jioni nilimkuta mdogo wangu amejilaza mkekani, mwili moto kama jiko. Malaria. Huku kwetu kando ya ziwa si jambo geni. Mama alikuwa ametoka naye zahanati. Akanipa pakiti ya vidonge. "Hebu nisomee, baba, anameza vingapi?"

Nikasoma: artemether na lumefantrine. Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Ukurasa ule niliokunja ulikuwa wa Tu Youyou, mwanasayansi wa Beijing aliyepewa nusu ya Tuzo ya Tiba mwaka wa 2015 kwa kugundua artemisinin, ambayo ndiyo asili ya dawa niliyoishika. Kitabu cha kale cha tiba cha Kichina kilimfunza kutotumia moto mkali alipokuwa akitoa dawa majanini, na alijijaribia mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Chini yake nilikuwa nimeandika jina la Mo Yan, makamu mwenyekiti wa Chama cha Waandishi wa Uchina, aliyetuzwa kwa Fasihi mwaka wa 2012.

Usiku huo sikupata hata lepe la usingizi. Nilikuwa nimezichanganya kamati makusudi. Tuzo ya Tiba huamuliwa na wataalamu wa Karolinska, Stockholm. Ya Fasihi na Akademia ya Uswidi. Ile ya Amani iko mikononi mwa watu watano wanaoteuliwa na Bunge la Norwe, na mwaka wa 2010 mwenyekiti wao alikuwa waziri mkuu wa zamani. Hapo siasa imo, nani atabisha? Serikali ya Uchina iliinunia Norwe hadi mwisho wa 2016. Lakini kumtuza mfungwa ni kuionea nchi yake? Liu naye alikuwa Mchina. Alifariki mwaka wa 2017, bado akiwa chini ya ulinzi.

Jumatatu, mdogo wangu akiwa ameshaanza kukimbizana na kuku, nilimtafuta yule msichana. Nikaukunjua ukurasa mbele yake. Aliusoma wote bila kuniangalia.

"Kwa hivyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

Akanirudishia daftari. Akaniambia mdahalo ujao atakuwa upande wa pili, na kwamba atauliza tena.