Nilimwambia Ajibu "Hapana"

Nilimshauri kijana aliyeniamini ajibu "hapana" mahali ambapo jibu la kweli lilikuwa "ndiyo". Swali lilikuwa kwenye fomu namba 4473, ambayo kila anayenunua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni hapa Marekani lazima aijaze na kuitia saini, nalo linauliza kama mnunuzi anatumia bangi kinyume cha sheria. Kijana huyo anavuta bangi. Nilijua, na yeye alijua kwamba ninajua. Nilimjibu kwa simu, bila kuiona fomu, kwa sauti ya mtu asiye na shaka.

Tunaishi Columbus, Ohio. Watanzania, Wakenya na Wakongo wa mtaani kwetu wamenizoea kwa mambo ya makaratasi: maombi ya grini kadi, kodi za kila Aprili, barua za shule za watoto. Mimi si wakili na sijawahi kujiita wakili. Lakini ukisaidia watu kwa muda mrefu na mambo yao yakanyooka, wanaanza kukuuliza hata usiyoyajua, nawe unaanza kuyajibu. Kijana huyu huniita mjomba ingawa hatuna undugu wa damu. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi wa usiku, na mwajiri alimtaka awe na bastola yake mwenyewe. Alinipigia akiwa dukani. "Mjomba, hapa wananiuliza habari za bangi. Niandike nini?"

Ilikuwa mwanzoni mwa 2024. Novemba iliyotangulia wapiga kura wa Ohio walikuwa wameihalalisha bangi kwa asilimia 57 hivi, na tangu tarehe 7 Desemba mtu wa miaka 21 na zaidi aliruhusiwa na sheria ya jimbo kuwa nayo, kuivuta na hata kuipanda nyumbani kwake. Nikamwambia: swali hilo linawahusu wanaovunja sheria, wewe huvunji, andika hapana. Sikumwuliza kama chini ya swali kulikuwa na maneno mengine. Yalikuwepo. Kuna onyo linalosema kwamba kutumia bangi au kuwa nayo kunabaki kuwa kosa kwa sheria ya serikali kuu, hata kama jimbo unaloishi limeihalalisha kwa tiba au kwa starehe. Onyo hilo liliongezwa kwenye toleo la 2016. Liliwekwa kwa ajili ya watu wanaofikiri kama nilivyofikiri mimi.

Nimekulia Tanga, ambako bunduki ni kitu cha kuombewa kibali na bangi ni kitu cha kufungwa jela. Hapa nikakuta bunduki ni haki iliyoandikwa kwenye katiba tangu 1791, na bangi imeruhusiwa. Nikaona milango yote miwili iko wazi. Haikunijia kwamba ukiingia mmoja, mwingine unafungwa. Sheria ya bunduki ya mwaka 1968 inamkataza mtumiaji wa dawa za kulevya zilizopigwa marufuku kumiliki bunduki au hata risasi, na sheria ya dawa ya mwaka 1970 iliiweka bangi kwenye kundi la kwanza, pamoja na heroini. Jimbo linaweza kuwazuia polisi wake wasikukamate kwa msokoto. Haliwezi kufuta kilichotungwa na Bunge la Washington. Adhabu ya mtumiaji kukutwa na bunduki ilikuwa kifungo cha hadi miaka 10, na mwaka 2022 ilipandishwa hadi 15. Kudanganya kwenye fomu ili uuziwe ni kosa la peke yake, nalo lina hadi miaka 10.

Kama ningekuwa sijui lolote, kosa langu lingekuwa jepesi kidogo. Lakini nilikuwa nimesoma. Agosti 2023 Mahakama ya Rufani ya Tano, yenye makao New Orleans, ilifuta hukumu ya mwanamume wa Mississippi aliyesimamishwa barabarani na kukutwa na vishungi vya bangi na bunduki mbili. Hakuna aliyempima kuona kama alikuwa amelewa siku ile, na bado alihukumiwa kifungo cha karibu miaka minne. Majaji walisema historia ya nchi hii inaruhusu kumnyang'anya silaha mtu aliyelewa, lakini haionyeshi kwamba mtu asiyelewa alinyang'anywa kwa sababu tu aliwahi kulewa siku nyingine. Niliupenda uamuzi ule. Bado naona hoja yake ni ya haki: mtu anayekunywa kreti ya bia kila Jumamosi anaruhusiwa kuwa na kabati zima la bunduki, na mgonjwa anayevuta kidogo ili apate usingizi anaitwa mhalifu.

Basi nilipoulizwa swali la sheria, nilitoa maoni yangu. Mahakama ile inasimamia Texas, Louisiana na Mississippi. Ohio iko chini ya mahakama nyingine, ya Sita, iliyoko Cincinnati. Na katikati ya 2024 Mahakama ya Juu iliuondoa uamuzi ule na kuurudisha kwa majaji wa New Orleans wautazame upya. Mimi nilikuwa nimeshambebesha kijana wa watu hoja ambayo hata huko ilikotoka haikuwa imetulia.

Bastola aliuziwa siku ileile. Uchunguzi wa FBI ulipita bila tatizo, naye akanipigia tena kunishukuru. Nilichukulia jambo hilo kama uthibitisho kwamba nilisema kweli. Uchunguzi ule unatazama kumbukumbu za hukumu, hati za kukamatwa na mambo ya namna hiyo. Haupimi mkojo wa mtu wala haujui anachovuta usiku nyumbani kwake. Kuhusu bangi unategemea karibu kabisa jibu la mnunuzi mwenyewe, yaani lile jibu nililompa mimi.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma zaidi. Miezi michache baadaye niliiona fomu kwa macho yangu, nikausoma ule mstari wa chini. Nikajua siku hiyohiyo nilichokifanya. Sikumpigia. Nilijiambia kwamba hajakamatwa, kwamba maelfu ya watu wanafanya vivyo hivyo, kwamba nikimwambia nitamtia hofu bure. Ukweli ni kwamba niliogopa aibu. Niliogopa watu wasikie kwamba yule wanayemletea makaratasi yao hakusoma karatasi. Wakati wote huo kijana aliendelea kuwa na bastola na kuendelea kuvuta, huku mimi nikijua kwamba hilo ni kosa kila siku na yeye hajui.

Alikuja kujua alipotaka kuomba uraia. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kutenda kosa lolote, hata ambalo hukukamatwa kwalo. Tangu Aprili 2019 idara ya uhamiaji imeeleza wazi kwamba mambo ya bangi yanaweza kumfanya mwombaji aonekane hana mwenendo mwema, hata kama jimbo lake limeiruhusu. Na kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la kumiliki au kununua bunduki kinyume cha sheria, sheria yoyote ile, ni sababu ya kufukuzwa nchini, grini kadi au si grini kadi. Mzaliwa wa hapa akiteleza anaogopa jela. Huyu wetu anaogopa jela, halafu ndege. Wakili aliyemwona alimwambia asipeleke maombi kwa sasa. Alipotoka kwa wakili alikuja kwangu, na ndipo nikamwambia kwamba nilikuwa nimejua. Hakunitukana. Alisema, "Mjomba, ungeniambia tu." Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Hakuwa peke yake. Mama mmoja mwenye kadi ya bangi ya tiba aliniuliza kuhusu bastola ya dukani kwake, nikamwambia hiyo ni dawa, asiwe na wasiwasi. Nilikosea vilevile. Septemba 2011 wauza bunduki wote waliandikiwa kwamba mwenye kadi ya namna hiyo hauziwi, na mwaka 2016 mahakama ya rufani ya magharibi ilikubaliana na katazo hilo katika kesi ya mwanamke wa Nevada ambaye alikuwa na kadi tu. Huyu mama nimemfuata mwenyewe nyumbani kwake, nikamweleza mbele ya mumewe.

Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikubali kusikiliza kesi ya mtu aitwaye Hemani, ya kutoka Texas, iliyouliza kama katazo hili kwa watumiaji wa bangi linapatana na katiba. Sitaitumia kujisafisha. Uamuzi wake, uwe wa upande ninaoutaka au nisioutaka, haubadilishi alichoandika kijana yule mwaka 2024, wala haubadilishi ni nani aliyemwambia aandike.

Kama nawe niliwahi kukwambia kwamba ruhusa ya jimbo inatosha, nilikwambia uongo bila kujua, nisamehe. Usijaze fomu nyingine, usiombe uraia, usiende polisi wala dukani kujieleza, na usimsimulie mtu yeyote, hata mimi. Nenda kwanza kwa wakili wa jinai na wakili wa uhamiaji, umweleze kila mmoja yote kama yalivyo. Ukikosa nauli au ada ya kuwaona, nipigie, sehemu ya gharama hiyo ni yangu.