Majina Kwenye Kijitabu, Majina Kwenye Maiki

Ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba Wajapani bado wananunua CD, atakuuliza wanazipigia wapi. Ana haki ya kuuliza. Dar es Salaam gari la mtumba likishatoka bandarini, redio yake ya Kijapani huwa ya kwanza kuchomolewa. Masafa ya FM ya Japani huanzia 76 MHz, na redio za magari ya zamani huishia 90, kwa hiyo mwenye gari haipati hata EFM kwenye 93.7 mpaka fundi amfungie kidude cha kuongeza masafa. Wengi huona heri wanunue redio mpya yenye tundu la flashi, yaishe. Ile ya zamani huondoka na CD iliyosahauliwa tumboni na mwenye gari wa kwanza. Usishangae ikiwa ni ya Namie Amuro.

CD yake moja ninayo hapa mezani, huku Nagoya. Inaitwa _genic, ni ya mwaka 2015, na ni muziki wa kuchezeka mwanzo mwisho. Nimeisikiliza sana, ila leo nataka kuzungumzia karatasi zake kuliko nyimbo zake, kwa sababu ndani ya karatasi hizo ndimo ninamoona tofauti kubwa kati ya biashara ya muziki wa huku na ya kwetu.

Binti wa Okinawa

Kwanza nimtambulishe kwa wasiomjua. Amuro alizaliwa Naha, Okinawa, mwaka 1977, akasomea kuimba na kucheza kwenye chuo cha Okinawa Actors School. Alitoka mwaka 1992 na kundi la Super Monkey's, na kufikia 1995 alikuwa amesimama peke yake, nyuma yake yuko prodyuza Tetsuya Komuro, fundi wa biti za disko aliyetawala pop ya Japani miaka hiyo. Mwaka 1996 wasichana wa Tokyo walijaa mitaani wakiwa na buti ndefu, sketi fupi na nywele zilizotiwa rangi ya kahawia, wote wakimwiga yeye. Baadaye akahamia R&B na hip hop, kisha akaingia mzimamzima kwenye muziki wa elektroniki.

_genic ilitoka tarehe 10 Juni 2015 ikiwa na nyimbo 14, na hakuna hata moja iliyokuwa imeshatoka kama singo. Kwa Japani hilo si jambo dogo. Albamu nyingi za pop huku ni singo za mwaka mzima zilizokusanywa, zikaongezewa nyimbo chache za kujazia. Yeye alileta mzigo mpya mtupu, na bado ukaenda namba moja kwenye chati ya Oricon.

Ukiiweka, besi inapiga kila hatua kama mtu anayepanda ngazi kwa haraka, sinthesaiza zinameremeta juu yake, na sauti ya Amuro imekatwakatwa na kuunganishwa upya mpaka huwezi kusema wapi binadamu ameishia na wapi mashine imeanza. Video ya wimbo wa "Golden Touch" inakutaka uweke kidole katikati ya kioo, kisha kila kinachopita chini ya kidole hicho kinaonekana kama wewe ndiye unayekigusa. Kwenye "B Who I Want 2 B" anaimba na Hatsune Miku, ambaye si mtu. Miku ni programu ya kuimba iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo, kwa teknolojia ya Yamaha. Wimbo huo ulitengenezwa na SOPHIE, prodyuza wa Uskoti aliyefariki mwaka 2021, mmoja wa watu waliobadilisha kabisa sauti ya pop ya elektroniki duniani.

Kilichomo ndani ya kasha

Nimeinunua ikiwa imetumika, kwenye duka la vitu vya mtumba, kwa hela ambayo hainunui bakuli la rameni. Bado ina ule mkanda wa karatasi unaovalishwa kasha upande wa kushoto, wenye jina la albamu, bei na namba ya toleo. Mjapani makini hautupi mkanda huo, kwani CD isiyo nao hushuka thamani.

Ndani kuna kijitabu. Kila wimbo una maneno yake, na kando ya maneno kuna mstari wa herufi ndogo unaotaja nani aliandika mashairi, nani alitunga, nani alipanga ala, nani alimiksi. Ukifika kurasa za mwisho unakuta wapiga picha, mbunifu wa kasha, mpaka aliyemtengeneza nywele na aliyempaka vipodozi. Miku naye ametajwa. Nyumbani nawajua wapiga kinanda wa nyama na damu waliopiga kwenye nyimbo zilizotikisa nchi nzima na hawajawahi kuandikwa mahali popote, huku programu ya kompyuta ina nafasi yake kwenye kijitabu.

Msidhani ni mapambo. CD mpya ya albamu huku ni kama yeni 3,000, bei inapangwa na lebo, na duka haliruhusiwi kuishusha kwa muda uliowekwa. Kabla ya simu janja, vijana wasio na hela walikwenda kukodi CD kwenye maduka kama Tsutaya, wakarudi nyumbani kujirekodia. Badala ya kufukuzana nao, Bunge la Japani mwaka 1984 liliingiza haki ya ukodishaji kwenye sheria ya hakimiliki, ikawa kila CD ikikodiwa, wenye kazi wana chao. Mtu akiuimba wimbo kwenye chumba cha karaoke, mtunzi analipwa kupitia JASRAC, chama cha mirabaha kilichopo tangu 1939. Mfumo wote huo unaanza na swali moja: kazi hii ni ya nani? Kijitabu kinakuonyesha jibu.

Kwetu majina yanapigiwa kelele

Sasa twende Manzese, Tandale na Mbagala. Muziki wetu wa elektroniki wa kuchezeka ni singeli, na undugu wake na Japani ni wa damu. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, na roho ya mchiriku ilikuwa kile kinanda kidogo cha Casio kilichotengenezwa Japani, kikaunganishwa kwenye spika mbovu mpaka kikalia kilio ambacho mhandisi wake hakukiwazia. Vijana waliorithi walihamia kwenye kompyuta, wakaongeza mwendo mpaka zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Ukiweka _genic baada ya singeli, utadhani Amuro anaimba harusini wakati wa chakula.

Tofauti ninayoisema inaonekana vizuri jukwaani. Amuro alijulikana kwa maonyesho yasiyo na maongezi: anaingia, anaimba na kucheza kama saa mbili, wimbo baada ya wimbo, bila kusalimia wala kusimulia lolote. MC wa singeli angemshangaa. Kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani, MC hanyamazi. Anamtaja mwenye shughuli, anautaja mtaa, anamtaja DJ, anamtaja aliyetoka kumtunza noti sasa hivi, kisha anawataja na wasiomtunza ili waone haya. Majina ni nusu ya burudani.

Na studio ni vilevile. Bongo Fleva na singeli zina desturi ya prodyuza kujipachika ndani ya wimbo. Ukisikia jina la Lizer au la S2kizzy likitamkwa kabla biti haijaingia, umeshajua nani kapika. Wageni huona ni majigambo. Mimi naona ni akili ya watu wasio na kijitabu.

Fikiria wimbo wetu unavyosafiri. Kijana ana kibanda kituoni, kompyuta yake imepigwa na vumbi, anakujazia memori kadi kwa buku au pungufu. Kwenye kioo kuna folda, ndani ya folda kuna mafaili yameandikwa SINGELI KALI MPYA 03, SINGELI KALI MPYA 04, SINGELI YA NANI HII. Hakuna picha wala jina la aliyeandika mashairi, na mara nyingine hata la mwimbaji halipo. Kutoka hapo wimbo unaingia kwenye bodaboda, kwenye daladala, kwenye simu ya shangazi, kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa Muscat. Katika safari yote hiyo, jina pekee ambalo hakuna mtu anaweza kulifuta ni lile lililotamkwa ndani ya wimbo wenyewe. Karatasi inachanika, jina la faili linabadilishwa, lakini ukikata sauti ya prodyuza umekata na wimbo.

Hatukuwa hivi siku zote. Kanda za zamani zilikuwa na majaketi yaliyochapwa. Alipotoa Machozi Jasho na Damu mwaka 2001, Professor Jay alitoa albamu, kitu cha kushika mkononi chenye upande A na upande B. Ila hata enzi hizo msanii alikuwa akiuza masta: anachukua hela ya mkupuo mmoja kwa msambazaji, na kanda zikizidi kuuzwa yeye hana habari. Jina lilikuwepo kwenye karatasi, lakini halikuwa na hesabu nyuma yake.

Kila upande na kilema chake

Nisije nikawapamba Wajapani kupita kiasi. Utamaduni wao wa CD una vituko. Mashabiki wa makundi kama AKB48 wamewahi kununua nakala nyingi za CD ileile kwa sababu ndani kulikuwa na tiketi ya kumshika mkono msanii. Lebo nazo zilichelewa sana kuziachia nyimbo mtandaoni, na nyingi zilifungiwa ndani ya mipaka ya nchi, ndiyo maana mpenzi wa muziki aliyeko Mbeya anamjua kila mwimbaji wa Korea lakini Amuro hajawahi kumsikia.

Kuna hili pia. Amuro aliimba mara ya mwisho kwao Okinawa tarehe 15 Septemba 2018, kesho yake akastaafu akiwa bado kileleni. Mkusanyiko wake wa mwisho, Finally wa 2017, ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 2. Halafu mwanzoni mwa Novemba 2023 nyimbo zake zikaondolewa kwenye majukwaa ya kusikiliza mtandaoni, na video zake YouTube nazo zikaondoka. Waliokuwa wakimsikiliza kwa kulipia mwezi walibaki na orodha tupu. Waliokuwa na CD hawakupoteza chochote, na hiyo _genic yangu ya bei chee imekuwa kitu cha kutunzwa.

Nyumbani jambo hilo haliwezekani. Wimbo wa singeli ukishafika kibandani, hata mwenyewe akitaka kuurudisha hatoweza, umeshazaliana kwenye kadi elfu. Kwa kutunza sauti tunawashinda. Kinachotupotea ni habari za sauti hiyo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ilikusanya kazi za vijana wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam, ikatoa Sounds of Sisso, kila wimbo na mwenyewe. Lebo hiyo iko Kampala. Nashukuru walifanya, ila inauma kwamba muziki uliozaliwa uswahilini kwetu ulilazimika kuvuka mpaka ndipo ukaandikwe vizuri nani kafanya nini.

Cha kuiga

Sisemi tufungue viwanda vya CD. Treni hiyo imeshaondoka, na Watanzania wachache sana watalipa yeni 3,000 kwa diski wasiyo na pa kuipigia. Wasanii wetu wamerudi kwenye albamu kwa njia yao, kuanzia A Boy from Tandale ya Diamond mwaka 2018, Afro East ya Harmonize mwaka 2020, mpaka Only One King ya Alikiba mwaka 2021, na zote zinasikilizwa kwenye simu. Lakini kazi ya kijitabu haihitaji karatasi. Anayepakia wimbo kwenye majukwaa huulizwa mtunzi ni nani, mwandishi ni nani, prodyuza ni nani. Wengi wetu hujaza jina la msanii kila mahali ili fomu ikubali, mambo yaende. Mpiga kinanda anatoweka hapo hapo, kwa mkono wetu wenyewe, wala si kwa mkono wa mwizi wa kazi za sanaa tunayemlaumu kila siku.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wa studio ni dogo. Kabla hamjatoka kwenye kikao cha kurekodi, andikeni kwenye simu nani kafanya nini na mmekubaliana kugawana vipi, wote muwe na nakala, kisha kazi isajiliwe COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kwa majina hayo hayo. MC aendelee kutaja mtaa mzima, na prodyuza aendelee kujitangaza kabla biti haijaingia, kwa kuwa hapo ndipo utamu wetu ulipo. Ila a.k.a. ni ya jukwaani. Pale hela inapohesabiwa, liandikwe jina la mtu kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA.