Kwa mpwa wangu anayechambua peni

Tanga

Mwanangu Salim,

Huku sote wazima, na mama yako anakukumbuka kila akiona nazi changa. Barua yako imenichekesha. Mtoto tuliyekuwa tukimtuma dukani akasahau chenji, leo yuko Columbus, Marekani, anatoka kazini, anamwaga mezani sanduku la peni 2,500 alilolichukua benki, na kuzichambua moja moja akitafuta zenye thamani! Unaniuliza kama ni upuuzi. Si upuuzi, kwani dola zako 25 zitarudi benki zilezile. Kinachotumika ni macho na usingizi wako.

Ila jicho lisilosoma halioni. Anza na mwaka. Peni nyingi za kabla ya 1982 ni za shaba, zina gramu 3.11, za baada yake ni zinki iliyovikwa shaba, gramu 2.5. Za 1982 zimechanganyika, kwa hiyo tafuta mizani ndogo. Mwaka 1943 shaba ilitakiwa vitani, peni zikatengenezwa kwa chuma. Chache mno zikagongwa kwenye shaba kwa makosa, na hizo ndizo zinazowanyima watu usingizi. Ukikutana na ya rangi ya shaba, usipige vigelegele. Ilete karibu na sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi na mjanja. Isiponasa, kagua ile 3 isije ikawa 8 iliyochongwa.

Tafuta pia ya 1955 ambayo mwaka na maandishi ya upande wenye sura ya Lincoln yanaonekana mara mbili, kama mwenye homa aonavyo. Sarafu yenyewe haikugongwa mara mbili. Muhuri wa kuigongea ndio uliopigwa chapa mara mbili, na mara ya pili ukakaa upande kidogo. Kila peni iliyopita chini ya muhuri ule ikarithi kosa lake. Lakini mara nyingi utakachoona ni kivuli bapa pembeni mwa herufi. Huo ni mtikisiko wa mashine tu, na peni hiyo itabaki senti moja.

Sasa nikusimulie aibu yangu. Nilipokuwa kijana niliokota katika bweta la bibi senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu, ya 1936, yenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alikaa chini ya mwaka mmoja akaachia kiti, na Uingereza haikuwahi kutoa sarafu zake za kutumika madukani. Zetu zilitoka kwa sababu tundu halikuacha nafasi ya sura, jina lilitosha. Nikaona nimetajirika! Nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa kama pete ya bibi harusi, nikampelekea mnunuzi. Akaigeuza mara moja, akanirudishia. Akasema za mwaka ule ziligongwa kwa mamilioni, na hata hiyo bei ndogo iliyokuwa nayo nimeisugua ikaisha.

Kwa hiyo, mwanangu, usisafishe sarafu, hata ikiwa nyeusi kama sufuria ya pilau. Shika ukingo wake, usiguse uso. Na usichanganye hadithi na uchache. Tangu Novemba 2025, Philadelphia ilipogonga peni za mwisho za matumizi, utawasikia wanaosema kila peni sasa ni hazina. Waache. Bado ziko mabilioni kwenye makopo na chini ya makochi.

Jambo la mwisho ndilo zito. Droo ya pesa ya tajiri wako kazini si mfuko wako. Omba ruhusa, na ukitoa moja uweke moja. Na mzee wa watu akikuletea kopo lake umnunulie, mwambie kilichomo kabla ya kumtajia bei. Wewe umesoma, yeye hajasoma. Ukinyamaza hapo, umemwibia mchana kweupe.

Ndani ya bahasha nimeweka ile senti kumi yangu. Haiuziki, na bado inang'aa kuliko inavyostahili. Iweke mezani, karibu na mizani yako, mkono ukianza kukuwasha kwa kutaka kusugua, uione kwanza.

Wako akupendaye,
Mjomba