Dumu la Nyuma ya Kiti

Gari la baba lilichemsha tena tukipanda Kitonga. Mafundi wawili walishaligusa: mmoja alitoa thamostati akaitupa, kama mafundi wetu wanavyopenda, mwingine akaunganisha feni izunguke muda wote. Likaendelea kuchemsha.

Fundi wa Iringa hakushika spana. Aliuliza tu, "Maji yanaenda wapi?" Chini pakavu, mipira mizima. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, akafungua mfuniko wa rejeta akaniambia niwashe. Mapovu yakapanda mfululizo, hayakukoma.

"Gasketi ya silinda hedi imeungua, mzee. Moshi unaingia kwenye maji. Na hii ni ya siku nyingi."

Baba hakushtuka. Nikakumbuka dumu la lita tano nyuma ya kiti, ambalo mwaka mzima nilidhani ni la kunawia.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Fundi wa Morogoro alishaniambia," akasema. "Wiki ile unadaiwa ada."

Fundi akataja bei ya kufungua hedi na kuisawazisha. Tukanyamaza wote watatu. Kisha baba akaniomba nikamjazie dumu.